Isomee Simu Imla: Vidole Vikigoma, Sauti Ifanye Kazi

Mkono unauma, kazi haisubiri, na mwenzio ameshachoka kukuandikia meseji. Kuna njia. Simu iliyo mfukoni mwako inasikia Kiswahili, ukijua namna ya kuzungumza nayo.

Mikono ya watu wa mjini siku hizi haipumziki. Asubuhi unajibu barua pepe za wageni wa hoteli, mchana unamaliza ripoti ya bosi, jioni kuna kikundi cha kamati ya harusi, na usiku kitandani bado unachati na mtu wako. Mzigo wote huo unabebwa na vidole viwili gumba. Je, siku vikigoma?

Usicheke, hugoma kweli. Na vikigoma, kinachoumia si mkono peke yake. Kazi inalala, mteja anahama, mpenzi anadhani umemnunia, na ndani ya nyumba mtu mmoja anageuka karani wa mwenziwe bila mshahara. Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo watu wengi wanalo kwenye simu zao na hawajawahi kuligusa: kuandika kwa kutamka.

Kwa nini vidole hugoma?

Dalili ya kwanza mara nyingi huja usiku. Unaamka, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Unaukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, ganzi inaondoka, unalala tena. Baada ya wiki kadhaa kikombe cha chai kinakuponyoka. Hapo ndipo mtu anaanza kusaka mafuta ya kuchua.

Kinachotokea ni hivi. Kwenye kiwiko cha mkono, pale unapovaa saa, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utando mgumu. Ndani yake hupita kano zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikivimba, mshipa unabanwa. Kidole kidogo cha mwisho kwa kawaida hakiguswi, na ndiyo maana daktari hukuuliza habari zake. Wajawazito hupatwa sana na hali hii, na wengi wao hupona baada ya kujifungua. Wenye kisukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo, na watu ambao mikono yao hurudia kazi ile ile siku nzima nao wamo.

Sababu nyingine zipo tele. Kuna baridi yabisi. Kuna aliyeanguka na vespa akafungwa hogo. Kuna aliyezaliwa na mkono usio na nguvu. Kuna chikungunya, ugonjwa wa mbu uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 huku huku kwetu, kwenye uwanda wa Makonde kusini mwa Tanganyika. Jina lenyewe ni la Kimakonde na linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, maumivu ambayo kwa wengine hukaa miezi. Na kuna kiharusi. Hapo zingatia sana: ukiona uso wa mtu umepinda upande, mkono mmoja hauinuki na maneno hayatoki sawasawa, achana na simu na makala hii, mkimbize hospitali.

Kwa hayo mengine pia usijitibu kwa kusikia. Ganzi inayorudi kila usiku ni ya kumwona daktari, maana mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza kudhoofisha misuli ya kidole gumba moja kwa moja. Kutamka badala ya kuandika kunaupumzisha mkono, lakini si dawa.

Imla imegeuka

Unakumbuka imla skuli? Mwalimu anasoma sentensi taratibu, nyinyi mmeinama mnaandika, kesho yake madaftari yanarudi yamejaa wino mwekundu. Basi sasa kibao kimegeuka. Wewe ndiye mwalimu, simu ndiyo mwanafunzi. Na kama wanafunzi wote, kuna siku anapata tisini kwa mia, na kuna siku anakuaibisha mbele za watu.

Simu inafanya mambo mawili. Kwanza inaikata sauti yako vipande vidogo vidogo na kuvilinganisha na sauti ilizofundishwa. Pili inabahatisha neno lipi linaweza kufuata lipi. Ukisema "nakwenda sokoni kununua", tayari inatarajia samaki au ndizi, haitarajii mawingu. Ndiyo maana sentensi kamili huandikwa vizuri kuliko neno moja moja.

Na hili litawafurahisha wanandoa: programu iliyoufungulia ulimwengu njia hii ilitengenezwa na mke na mume. James na Janet Baker wa Marekani walianzisha kampuni yao, Dragon Systems, mwaka 1982. Programu yao ya mwaka 1990 ilikutaka usite baada ya kila neno, na bei yake ilikuwa dola 9,000. Mwaka 1997 wakatoa Dragon NaturallySpeaking, ambayo mtu angeweza kuzungumza nayo kwa mwendo wa kawaida. Watu wenye mikono mibovu waliipokea kama mvua ya vuli. Mwisho wa hadithi ya biashara haukuwa mzuri: mwaka 2000 waliiuza kampuni na kulipwa kwa hisa za Lernout & Hauspie ya Ubelgiji, na muda si muda ikagundulika kampuni hiyo ilipika mahesabu. Ikafilisika, hisa zikawa karatasi. Lakini walichokibuni kilibaki.

Sisi wa Kiswahili tulisubiri. Agosti 2017 Google ilitangaza kuongeza lugha 30 kwenye huduma yake ya kuandika kwa kutamka, na Kiswahili kikawemo pamoja na Kiamhari. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ikatoa Whisper, programu ya wazi ambayo mtu anaweza kuitumia bure, hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Ilifundishwa kwa sauti za saa 680,000. Unajua Kiswahili chenye maandishi yake kilikuwa saa ngapi humo? Hazikufika hata 10! Kwa hiyo ukiona mashine inakikosea Kiswahili, usidhani wewe ndiye huna matamshi. Imefundishwa kidogo.

Je, inasikia Kizanzibari?

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili yanayotuhusu. Mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka huo huo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba asiyejua kusoma wala kuandika, alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Sauti ya Unguja ikafika mbali kuliko kalamu yake ambavyo ingefika. Kwa hiyo kama kuna watu ambao mashine ya Kiswahili ingepaswa kuwaelewa upesi, ni watu wa Ng'ambo na Mji Mkongwe.

Kiukweli mambo ni nusu kwa nusu. Faida tunayo: sisi tunatamka dh, th, gh na kh kama zilivyoandikwa. Anayesema "zambi" na "samani" anaiachia simu kazi ya kukisia kama alitaka dhambi, na kama alikusudia thamani ya nyumba au samani za nyumba, yaani makochi na makabati. Ukitamka vyema unaipunguzia shida hiyo.

Hasara nazo tunazo. Kwanza, tunakata maneno. "Ntakuja", "shakwambia", "hebu n'ache". Mdomoni ni matamu, simu yanaichanganya. Pili, tunachanganya lugha. "Nitumie ile file kwa email kabla ya meeting" ni sentensi ya kawaida ofisini, lakini simu iliyowekwa Kiswahili itayageuza maneno hayo ya Kiingereza kuwa vichekesho. Tatu, majina. Mkunazini, Kiponda na Mwanakwerekwe yanaweza kutoka yamevunjika, na majina ya watu vile vile. Na ukizungumza Kikae cha Makunduchi au Kitumbatu kama unavyozungumza na bibi yako, usitarajie makubwa.

La nne ni saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, mgeni anaandika 8:00. Simu ikiandika 2:00 na wewe ukaituma bila kuisoma, huyo mtalii wa safari ya Changuu atakosa boti, na lawama ni zako. Saa, tarehe na fedha zihakiki kila mara, tena kwa macho.

Kuna jambo zuri tunaloweza kulifanya. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wa kawaida wanaojitolea, na tangu mwaka 2021 umekuwa na juhudi maalumu kwa Kiswahili. Unasoma sentensi fupi kwenye simu, wengine wanazisikiliza na kuzithibitisha, na sauti hizo zinapatikana bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine. Mashine ikisikia watu wengi zaidi wa Unguja na Pemba, ndivyo itakavyozidi kutuelewa. Dakika kumi baada ya futari si nyingi.

Unaanzaje?

Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio ya Gboard, kibodi ya Google. Ongeza lugha ya Kiswahili. Utaona chaguo la Tanzania na la Kenya, chagua la Tanzania. Kisha angalia sehemu ya kuandika kwa sauti, uhakikishe imewashwa na Kiswahili kimewekwa. Baada ya hapo kila unapofungua meseji utaona alama ndogo ya kipaza sauti juu ya herufi. Iguse, subiri kidogo, zungumza.

Kama kazi yako ni ripoti ndefu, tumia kompyuta. Fungua hati kwenye Google Docs ukitumia Chrome, nenda kwenye menyu ya zana, chagua kuandika kwa kutamka, kisha weka Kiswahili cha Tanzania. Njia ya mkato ni kubonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Huduma ni ya bure, unalipia bando lako tu. Amri za kuhariri kwa sauti humo ni za Kiingereza peke yake, kwa hiyo nukta, mikato na aya mpya jiandae kuviweka kwa mkono, au umwombe mwenzio mara moja mwishoni badala ya mara hamsini katikati.

Siku tatu za mwanzo utaudhika. Utaona unajikwaa, unasema "aaa" na "yaani", nayo inaandika. Dawa ni moja: ifikirie sentensi nzima kichwani, ndipo ufungue mdomo. Anza na meseji fupi kwa watu wanaokuzoea. Barua ya kwenda wizarani iache mpaka wiki ya pili.

Mji Mkongwe na makelele yake

Nyumba za Mji Mkongwe zina neema yake. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia kelele vizuri, na chumba cha ndani kabisa kilichojaa mapazia na mito ni studio isiyo na kodi. Tatizo ni ukikaa dirishani. Vespa inapita kichochoroni, muuza kahawa anagonga vikombe, watoto wanatoka chuoni, na simu inajitahidi kuandika vyote kwa pamoja. Baada ya sala ya alfajiri mji unapokuwa bado umetulia, utafanya kazi ya saa mbili kwa saa moja. Nje, tumia hedfoni zenye kipaza sauti na ukilete karibu na mdomo.

Halafu kuna suala la siri. Ukiandika kwa vidole, hakuna anayejua. Ukitamka, baraza zima limesikia unavyomwambia mtu wako "nimekumisi". Ndani ya daladala ya kwenda Bububu ndiyo usithubutu! Na kumbuka kuwa mara nyingi sauti yako husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni ili ibadilishwe kuwa maandishi. Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu usiitamke kamwe. Hiyo ibonyeze kwa kidole kimoja, hata ikichukua dakika nzima.

Wawili ndani ya nyumba

Sasa tuje kwenye kiini. Mkono ukiuma, mapenzi nayo huguswa.

Tuseme mke ni mhasibu Vuga, mume anafanya kazi mapokezi ya hoteli Shangani. Mume amevunjika mkono wa kulia. Wiki ya kwanza mke anamwandikia kila kitu kwa moyo mkunjufu: meseji kwa bosi, kwa mama mkwe, kwa fundi, kwa marafiki wa mpira. Wiki ya tatu sauti imebadilika. "Mke wangu, hebu niandikie..." "Ngoja kwanza, nina chungu jikoni!" Hakuna mwenye kosa hapo. Mmoja amechoka, mwengine anajiona mzigo.

Kuna na hili lisilosemwa. Mtu anayeandikiwa meseji zote hana tena kona yake. Hawezi kumlalamikia dada yake kidogo, hawezi kupanga zawadi ya siri, hawezi hata kumtania rafiki bila mkewe kuuliza huyo nani. Siri ndogo zisizo na ubaya ni pumzi ya ndoa. Kuandika kwa kutamka, hata kukikosea maneno matano kwa kila ishirini, kunamrudishia mtu pumzi hiyo. Anafunga mlango, anazungumza na simu yake, anatoka na uso mwengine.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walishasema, lakini kusaidiana kuna adabu zake. Wewe uliye mzima, msaidie mwenzio kuiweka simu sawa siku ya kwanza, halafu kaa pembeni. Usimpokonye simu kwa sababu anachelewa. Usimmalizie sentensi, hasa kama ni mtu aliyepata kiharusi na maneno yanatoka polepole. Kwa mtu kama huyo zungumzeni kwanza na daktari au mtaalamu wa mazoezi, maana mashine zinazozoea matamshi ya haraka zinaweza kumkatisha tamaa. Na wewe unayeumwa, usigeuze maumivu kuwa amri. Ukikwama, omba mara moja, na ushukuru.

Vipi kuhusu ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotuzoesha vibaya tangu 2013? Una mahali pake. Kwa mtu wako, hakuna maandishi yanayoshinda sauti yenyewe, na kikohozi chake na kicheko chake. Lakini bosi aliye mkutanoni hawezi kusikiliza dakika nne za maelezo yako, na mteja anataka bei aione. Mapenzi yatumie kwa sauti, kazi igeuze maandishi.

Wala si lazima uumwe. Bibi harusi aliyekaa na hina na piko mikononi, mama anayenyonyesha, mtu aliye na unga wa chapati mpaka viwikoni siku ya Ramadhani, wote wanaweza kufaidi.

Kazini usijifiche

Wengi huficha maumivu kwa hofu ya kuonekana wavivu, mpaka siku wanaposhindwa kabisa. Mwambie mkuu wako mapema, tena kwa mpango: "Naomba nafasi yenye utulivu saa mbili za asubuhi, nitatoa ripoti zangu kwa kutamka." Hiyo si hisani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 27 inataka mtu mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Meza kwenye chumba kilichotulia na hedfoni moja ni marekebisho madogo sana. Kwa ushauri zaidi hapa Unguja, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ni mlango wa kuanzia.

Bandika kwenye friji

• Tamka sentensi nzima, kwa mwendo wa mwalimu wa imla, bila kupiga kelele.
• Lugha moja kwa wakati mmoja. Ukitaka Kiingereza, badilisha lugha ya kibodi kwanza.
• Soma upya kabla ya kutuma: saa, tarehe, fedha, majina.
• Majina unayoyatumia sana yaweke kwenye kamusi binafsi ya kibodi, uyachague kwa mguso mmoja.
• Namba za siri zibonyeze, usizitamke.
• Pumzisha na koo pia. Kunywa maji. Ukihamisha kazi yote kutoka vidoleni kwenda kooni bila mapumziko, koo nalo litagoma!
• Ganzi ikirudi usiku baada ya usiku, nenda hospitali.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, ijaribu mara moja hata kama vidole vyako ni vizima. Mtamkie mwenzio aliye chumba cha pili meseji moja ya maneno mazuri, uone simu itaandika nini. Ikikosea, mtacheka. Ikipatia, umeshajua kwa kushika siku mkono utakapokataa.